Gari la Kale Mbele ya Waamuzi

Nchi ya Dodoma, pamoja na uwanda mzima wa juu unaoizunguka, imejaaliwa jua kwa wingi na mvua kwa uchache: katika mwaka wa kawaida mji huu haupati mvua ya kufika milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufunga na upepo hushika zamu yake ya kuinua vumbi. Ukame huo, ambao kwa mkulima wa mtama na uwele ni mtihani wa kila mwaka, kwa chuma ni rehema. Gari ambalo lau lingeachwa Tanga, Kilwa au Unguja, ambako hewa ya bahari imejaa chumvi, lingekuwa limeliwa na kutu hata sakafu yake ikawa tundu tupu, hapa huweza kusimama uani kwa mwenyewe miaka mingi, likapauka rangi na kupasuka mipira, lakini mifupa yake ikabaki mizima.

Ndiyo sababu mtu apitaye Kondoa, Mpwapwa, Kongwa au Manyoni kwa macho ya kutazama, aghalabu huona nyuma ya nyumba, katika viwanja vya misheni na pembezoni mwa gereji, Land Rover za zamani, Peugeot 404 na 504, na malori ya Bedford ambayo vijana wa leo hawajapata kuyaona yakitembea. Wenyewe hawajui kama walichonacho ni chuma chakavu cha kuuzwa kwa kilo au ni johari iliyofunikwa na vumbi. Katika dunia ya wapenda magari ya kale swali hilo hujibiwa uwanjani, hadharani, na jopo la waamuzi wenye kanuni zilizoandikwa. Wengi hudhani kwamba kanuni hizo zimewekwa ili kutafuta gari linalong'aa kuliko mengine. Mng'ao una alama zake, lakini shabaha kubwa ya mwamuzi ni kujua ukweli wa gari: kwamba lilivyo leo ndivyo lilivyotoka kiwandani, na kwamba kila kilichobadilishwa kimebadilishwa kwa sababu na kwa adabu.

Mashindano haya ya kuhukumu magari, yaitwayo Concours d'Elegance, asili yake ni Ufaransa, ambako matajiri wa Paris walikuwa na desturi ya kupitisha magari yao ya farasi katika bustani za mji ili yatazamwe na kusifiwa, na magari ya moto yalipozaliwa yakarithi desturi hiyo. Mwaka 1929 yalifanyika Villa d'Este, kando ya ziwa Como nchini Italia, na mwaka 1950 yakaanza yale ya Pebble Beach katika jimbo la California, Marekani, ambayo leo hayana mfano kwa umaarufu. Afrika Mashariki nayo haikukaa nyuma. Mwaka 1970 chama cha wenye magari ya Alfa Romeo nchini Kenya kilianzisha mashindano yake mjini Nairobi, nayo yamedumu hata zama zetu hizi, yakifanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako magari takriban 70 na pikipiki takriban 40 hupangwa juu ya majani mbele ya umati uliokuja na watoto wake. Wala si magari ya kifahari peke yake yanayokwenda huko. Datsun 160J ya mwaka 1977, gari la mtu wa kawaida kabisa katika siku zake, imewahi kusimama miongoni mwa washindi, na jambo hilo linatosha kumwondolea shaka mtu wa Dodoma anayedhani kwamba fahari hii ni ya wenye Rolls-Royce pekee.

Tanzania yetu ina mapenzi ya magari ya kale, lakini bado haijajenga mazoea ya kuyahukumu. Mwezi Oktoba 2024 Land Rover mamia kwa mamia, kutoka mikoa yetu na nchi jirani, zilikusanyika Arusha na kutembea kwa msafara mmoja, jambo lililowafurahisha watu wengi. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam nayo yanahifadhi magari kadhaa, likiwamo Rolls-Royce lililotumiwa kwanza na serikali ya Waingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Msafara huonyesha wingi na makumbusho huhifadhi kumbukumbu. Hukumu ya gari moja moja, yenye tafsili na alama, ni elimu nyingine, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Kabla ya hukumu huja mgawanyo wa matabaka, kwa kuwa si insafu kulipambanisha gari la mwaka 1925 na gari la mwaka 1975. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, halilihesabu gari kuwa la kihistoria mpaka litimize walau miaka 30, liwe limetunzwa katika hali inayoafikiana na historia yake, na lisiwe chombo cha safari za kila siku. Shirikisho hilo limeyagawa magari kwa zama zake: yale ya mwisho wa mwaka 1904 na kabla yake, ya 1905 hadi 1918, ya 1919 hadi 1930, na kuendelea hivyo hata kuyafikia yaliyotoka kiwandani miaka 30 tu iliyopita. Mashindano mengine hugawanya kwa ukubwa wa injini, na mengine huweka tabaka mbali kwa magari ya michezo, ya mizigo na pikipiki.

Kisha ziko madhehebu mbili za hukumu, na ni lazima zipambanuliwe. Ya kwanza hutazama uzuri: umbo la bodi, mwafaka wa rangi, namna gari linavyosimama na kupita. Ya pili hutazama usahihi: kila msumari, kila waya, kila kioo. Pebble Beach huzitumia zote mbili, kwa makundi mawili tofauti ya waamuzi, moja likichunguza usahihi na jingine likipima haiba. Mimi naiona ya pili kuwa ndiyo yenye faida kwetu, kwa sababu uzuri ni suala la jicho na jicho halikosi upendeleo, ilhali usahihi una ushahidi unaoweza kushikwa kwa mkono.

Tuchukue mfano ili jambo lidhihirike. Tuseme mzee mmoja wa Kondoa ameileta uwanjani Land Rover yake ya mwaka 1962, ile ya gurudumu la mbele na la nyuma kuachana kwa inchi 109. Wanamjia waamuzi watatu wenye makaratasi. Mdogo wao anaamkia, "Shikamoo, mzee. Tunaomba utufungulie boneti, kisha tukikuambia utuwashie." Mzee anaitikia marahaba, anafungua, anarudi nyuma hatua mbili. Adabu ya uwanja ndiyo hiyo: mwamuzi hagusi kitu bila idhini, na mwenye gari hasemi mpaka aulizwe. Mmoja anashika bodi na rangi, wa pili viti, dashibodi na vioo, wa tatu injini na chini ya gari. Gari huanza likiwa na alama zake kamili, katika vyama vingi 100, na katika chama cha magari ya kale cha Marekani, AACA, kilichoasisiwa mwaka 1935, alama 400. Kisha kila kasoro hupunguza kidogo. Kwa hiyo kazi ya mwamuzi ni kutafuta nakisi, naye hutakiwa aiandike mahali pake kwenye karatasi ili mwenyewe, akitaka kujua kwa nini ameshindwa, asome.

Wa bodi anaanza kwa kuchuchumaa pembeni na kulitazama gari kwa urefu, taa ya mbele hata taa ya nyuma, kwa sababu bonde lililojazwa puti na kupakwa rangi juu yake halifichiki kwa jicho linalotazama kwa mlazo. Kisha anapima nafasi baina ya mlango na nguzo yake, juu na chini. Ikipungua chini na kuzidi juu, anajua kwamba mlango umelegea au chesisi imewahi kupinda. Kwa gari la bati la chuma wengine hupitisha sumaku iliyofungwa kitambaa, ambayo hushika penye chuma na kuteleza penye puti. Lakini bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, na sumaku haishiki popote, kwa hiyo mwamuzi asiyelijua gari hilo huadhirika mbele ya mwenyewe. Kutu ya Land Rover haikai kwenye bodi. Hukaa kwenye chesisi, ambayo ni ya chuma, na kwenye ule ukuta wa chuma unaoitenga injini na chumba cha dereva, na hapo ndipo wa tatu anapolala chali na kurunzi yake.

Ama taa za mbele, hizo peke yake zinaweza kuamua mambo mengi. Land Rover za mwaka 1962 zilikuwa na taa zilizokaa karibu-karibu katikati, ndani ya uso wa gari penye wavu. Ni mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo kiwanda kilipozihamishia kwenye mabawa. Basi gari la 1962 lenye taa mabawani limevalishwa uso wa ndugu yake mdogo, hata kama limepakwa rangi nzuri namna gani. Kadhalika dainamo: gari la umri huo lilitoka na dainamo, na fundi wa umeme aliyeiondoa na kuweka alteneta amelifanya gari liwake vizuri usiku, lakini ameliondolea sehemu ya ukweli wake. Vifaa vingi vya umeme vya Lucas vilipigwa muhuri wa tarehe ya kutengenezwa, na vioo vya Triplex vina nukta ndogo ndogo penye nembo yake pembeni, ambazo mjuzi huzisoma na kutambua kioo ni cha mwaka gani. Mwamuzi mzoefu huweza kwa dakika chache kujua kwamba kioo cha mbele kilivunjika na kubadilishwa, na kwamba cha mlango wa kushoto ni kile kile alichokiweka mfanyakazi wa kiwanda cha Land Rover huko Solihull, Uingereza.

Kisha huja namba. Namba ya chesisi hupigwa katika chuma chenyewe, mbele, penye kishikizo cha springi, na namba ya injini hupigwa kwenye injini. Zote zilinganishwe na kadi ya gari. Katika nchi kavu kama hii, ambako vipuri vilikuwa adimu na gari lilikuwa ndilo daktari, ndilo hakimu na ndilo lori la mahindi, mafundi wetu mara nyingi waliondoa injini ya petroli iliyochoka na kuweka ya dizeli kutoka gari la Kijapani. Siwalaumu hata chembe. Bila ustadi wao magari hayo yasingalikuwapo leo. Lakini katika hukumu ya usahihi injini ya kigeni hugharimu alama nyingi, na mzee mwenye busara ni yule aliyeihifadhi injini ya asili stoo, hata kama haizunguki.

Hapa ndipo watu wengi wanapoingia makosani kwa nia njema. Mtu hulichukua gari lililopauka, akalikwangua mpaka bati, akalipiga rangi mara tano na kuling'arisha hata mtu akajiona usoni mwake, kisha akashangaa waamuzi wakimpita. Land Rover ya kazi haikutoka kiwandani iking'aa kama kioo. Ilitoka na rangi ya kawaida, na ribiti zake zikionekana. Kulifanya gari liwe bora kuliko lilivyozaliwa hakuongezi alama, na kwa waamuzi wengine hupunguza. Ndiyo maana FIVA hupambanua gari la asili lisiloguswa, gari lililotunzwa, gari lililokarabatiwa na gari lililoundwa upya. Na Pebble Beach yenyewe, ambako kwa miaka mingi magari yaliyofanywa upya ndiyo yaliyokuwa yakitamba, tangu mwaka 2001 imeweka tabaka la magari yaliyohifadhiwa bila kufanywa upya. Ngozi ya kiti iliyochanika kwa makalio ya miaka sitini ni ushahidi. Ikibadilishwa, ushahidi umepotea wala haurudi.

Kwa sababu hiyo uwanda wetu una hazina ambayo pwani haina. Gari la pwani, likitakiwa lirudi hai, aghalabu halina budi kukatwa na kuchomelewa vyuma vipya, na kila kiraka ni alama iliyopungua. Gari la Dodoma maradhi yake ni mengine: jua hupasua mipira ya milango na kuikausha dashibodi, na vumbi laini hupenya penye bawaba, kwenye nyaya na kwenye kichujio cha hewa, ambacho katika Land Rover hizo ni bakuli la oili linalonasa vumbi kabla halijafika kwenye kabureta. Oili hiyo ikiachwa bila kubadilishwa hugeuka tope, na mwamuzi akilifungua bakuli hilo ameshajua tabia yote ya mwenye gari. Vumbi la njiani la asubuhi ile husamehewa na kila mwamuzi mwenye insafu. Grisi iliyogandamana miaka kumi chini ya gia haisamehewi. Wenye kushindana kwa dhati husafisha chini ya gari kwa mswaki, na dawa za maradhi haya yote ni rahisi kuliko dawa ya kutu.

Halafu liko jambo la historia, ambalo mimi nalithamini kuliko yote. Mwaka 1947 huko Kongwa, ndani ya mkoa huu huu, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta na mitambo iliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Udongo ulikauka ukawa kama saruji, vyuma vikalika, na ilipofika 1951 mradi ulikuwa umekufa baada ya kula mamilioni ya pauni. Chombo chochote kilichobaki kutoka mradi ule, kikiwa na karatasi au picha ya kuthibitisha, kina thamani ambayo rangi mpya haiwezi kuinunua. Vivyo hivyo kwa Peugeot 404. Safari Rally, mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na kupita katika nchi zetu tatu za Afrika Mashariki, ilitwaliwa na gari hilo mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam akiwa na Chris Rothwell; na mwaka 1963 na 1968, Nick Nowicki na Paddy Cliff waliposhinda, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mwenye 404 ya kawaida ana haki ya kujivunia ukoo huo, lakini akiipaka namba za mashindano ambayo haikushiriki, ameisemea uongo, na mwamuzi ataandika hivyo.

Gari la maonyesho lazima pia liwake na litembee. Waamuzi husikiliza injini ikiwaka, hujaribu taa, honi na mikono ya kuonyeshea njia, hutazama kama jeki na spana zake zimo. Pebble Beach imekwenda mbali zaidi: siku chache kabla ya hukumu hufanya safari ya barabarani, na magari mawili yakifungana alama katika tabaka, lililomaliza safari ile ndilo hupewa ushindi. Naiona kuwa kanuni ya haki mno, kwa kuwa gari lisilotembea ni sanamu.

Yote haya ni bure pasipo waamuzi waadilifu. Mwamuzi hapewi tabaka lenye gari lake, la nduguye wala la mteja wa gereji yake. Hapokei hata chai kutoka kwa mshindani kabla ya matokeo. Na mahali asipokuwa na ujuzi husema hana, akaitwa anayejua. Watu wa Dodoma wanaielewa adabu hiyo, kwa sababu wanaiona katika maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, ambako anayekagua fahali wa Mpwapwa hadanganyiki na manyoya yaliyooshwa, hutazama kwato, mgongo na meno. Uwanja upo, watazamaji wapo, mafundi wapo, na magari yapo. Kinachokosekana ni wenye magari kujuana, kuunda chama na kuziandika kanuni zao kwa Kiswahili, kisha kuwaalika wajuzi wa Arusha, Dar es Salaam na Nairobi waje kufundisha waamuzi wa mwanzo.

Kwa hiyo, ewe mwenye gari la kale uliyeko Dodoma, Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, usimwite fundi rangi leo. Lipige gari picha kwanza kila upande, chini na ndani. Soma namba ya chesisi na uilinganishe na kadi. Tafuta ile injini ya zamani, zile taa na ule usukani ulioondolewa, uviweke pakavu. Waulize wazee gari lilitoka wapi na lilifanya kazi gani, uyaandike majibu yao kwa tarehe. Na anayekuja kwako kununua chuma chakavu kwa kilo, mwambie hiki hakiuzwi.